Sumaku na Umeme Katika Punje Moja

Tumeletewa swali na mzazi mmoja wa Kilindoni, na kwa kuwa lawahusu wengi, tumeona ni afadhali kulijibu hapa ukurasani kuliko kumjibu yeye peke yake barazani. Asema kwamba imepita kisiwani bangili inayouzwa kwa bei isiyo haba, na muuzaji wake adai kuwa ndani yake mna sumaku na umeme vilivyounganishwa kwa elimu mpya, na ya kwamba mwenye kuivaa hupona presha. Mama wa nyumba amekwisha inunua, na sasa ataka kuacha vidonge alivyoandikiwa hospitali. Mzazi auliza: je, iko elimu ya namna hiyo, au ni uwongo mtupu?

Jawabu letu lina sehemu mbili, na ya kwanza haitaki kucheleweshwa: vidonge visiachwe. Presha ni maradhi yasiyopiga kelele. Mtu hujiona mzima ilhali mishipa yake yaumia, na aachaye dawa kwa kutegemea bangili huenda asitanabahi mpaka siku atakapopooza upande mmoja. Hapana uthibitisho wa kitabibu kwamba sumaku iliyofungwa mkononi yashusha presha. Apendaye kuivaa kwa pambo na aivae, lakini vidonge anywe kama alivyoagizwa, na akiwa na shaka navyo arudi kwa tabibu.

Sehemu ya pili ndiyo ndefu, kwa sababu elimu yenyewe iko kweli. Muuzaji ameazima jina la jambo lililo sahihi akalivisha bidhaa isiyohusiana nalo. Nasi twaona ni aibu kumwachia mtu kama huyo awe ndiye peke yake mwenye kuwaeleza watoto wetu habari hizi.

Na tuanze na sumaku, kwa kuwa hiyo hatuigeni. Sisi wa Mafia tumejaliwa jambo ambalo si watu wengi walilo nalo: Makka imekaa karibu sawasawa juu yetu katika ramani. Kilindoni iko kwenye longitudo ya digrii 39 na dakika 40 hivi, na Makka iko kwenye digrii 39 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, na tofauti haifiki hata nusu ya digrii. Ndiyo maana mabaharia wa pwani hii wakitaja kibla, mara huwa wamekusudia upande wa sala na mara wamekusudia kaskazini tu. Sindano ya dira nayo huelekea huko huko, ila hupinda digrii chache upande wa magharibi, maana ncha ya sumaku ya dunia haikukaa mahali pamoja na ncha ya dunia yenyewe. (Kijana aliyeona mshale wa simu yake umepinda sana, akataka kubishana na imamu juu ya mihrabu, kwanza na aitoe simu hiyo katika mfuko wenye kifungo cha sumaku, kisha apime tena.)

Basi ni kitu gani kinachoifanya sindano ile iwe sumaku? Ndani ya kila kitu mna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Kila elektroni ina umeme wa upande wa kutoa, yaani hasi, na zaidi ya hayo ni sumaku ndogo kwa tabia yake. Mwatazame watu mia uani mwa msikiti kabla ya sala: huyu amkabili nduguye, yule atafuta kata ya kutawadhia, wengine wazungumza. Ukihesabu nyuso zao huoni upande uliozidi. Sala ikisha kukimiwa, nyuso zote huwa upande mmoja. Katika mti, katika shaba na katika mwili wa mwanadamu, zile sumaku ndogo ni kama watu wa uani, au zimeshikana mbili mbili zikabatilishana. Katika kipande cha chuma kilichogeuzwa sumaku zimesimama safu. Viko pia vitu vyenye safu zilizo imara lakini za ajabu: safu ya kwanza huelekea kibla, ya pili hugeuka nyuma, ya tatu kibla tena, mpaka mwisho. Kitu cha namna hiyo hakivuti hata msumari, ingawa ndani yake mna nidhamu kamili. Tunamwomba msomaji aishike habari hii ya safu zinazopeana migongo, kwani tutaihitaji.

Umeme nao una nidhamu yake, lakini hiyo si ya kuelekea, ni ya kuhama. Kitu kigumu chochote kimejengwa kwa chembe za umeme chanya na za umeme hasi, na hesabu zao zalingana, hata kitu kizima huonekana hakina umeme. Sasa hebu chembe zote za chanya zisogee upande mmoja, hata kwa kadiri ndogo kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Papo hapo uso mmoja wa kitu hicho utakuwa chanya na uso wa pili hasi. Hakuna umeme uliotiririka kama katika waya. Chaji zimeachana kidogo tu, zikabaki zimeachana. Mama wa nyumba autumia ufundi huu kila siku asijue. Kile kidude cha kuwashia jiko la gesi, kiliacho “tak” ukikibonyeza, ndani yake mna kijiwe cha kauri. Nyundo ndogo hukigonga, kijiwe hufinyika, chaji zake huachana, na cheche ikaruka.

Vimo vitu ambavyo chaji zake huachana zenyewe pasipo kugongwa, zikakaa hivyo, na ukiutia umeme kutoka nje wageuza upande zilikohamia. Mashuhuri miongoni mwavyo ni kauri iitwayo titaneti ya bari. Humo chembe ya titani imekaa katika tundu lililozungukwa na oksijeni sita, nayo haitulii katikati. Husogea upande wa mmojawapo, kama mtoto wa chuoni aliyewekwa katikati ya jamvi akajisogeza kwa rafikiye.

Hapa mwanafunzi mwenye masikio atatukatiza. Atasema: mbona kuungana kwa sumaku na umeme si jambo jipya? Asema kweli. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme, na mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza aliitembeza sumaku karibu na waya, akapata umeme. Jenereta zote zimetokana na hayo. Lakini ndoa hiyo ni ya mwendo: umeme lazima utiririke ndipo sumaku itokee, na sumaku lazima itembee ndipo umeme utokee. Izime injini, na taa zote zazimika. Jambo tunalolieleza leo ni jingine. Ni kitu kilichotulia kabisa, hapana kinachozunguka wala kinachotiririka, na humo nidhamu ya sumaku na nidhamu ya kuachana kwa chaji zimefungamana, hata ukiigusa hii yatikisika ile.

Pierre Curie wa Ufaransa alikisia mwaka 1894 kwamba huenda vitu vya namna hiyo vikawapo. Ikapita zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1959 Igor Dzyaloshinskii, katika Urusi ya Kisovieti, alionyesha kwa hesabu kwamba oksidi ya kromi yapasa kuwa na tabia hiyo, na mwaka 1960 Dmitri Astrov akaipima akaikuta. Oksidi ya kromi ni ule unga wa kijani utiwao katika rangi za kupakia, na kromi kidogo sana ndiyo itiayo wekundu katika rubi zetu za Longido. Lakini katika unga ule athari ilikuwa dhaifu mno: sumaku kubwa ya nje ilileta kuachana kwa chaji kudogo kusikoonekana ila kwa vyombo vya ustadi. Vitu vyenye nidhamu mbili kamili, ya sumaku na ya umeme, vikaendelea kuwa adimu kama lulu. Vilipewa jina la multiferoiki na Hans Schmid mwaka 1994.

Kwa nini vikawa adimu? Sababu yake yatupendeza sana, nasi twaomba subira ya msomaji. Iliandikwa wazi mwaka 2000 na mwanamke mtaalamu, Nicola Hill, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Nicola Spaldin. Kila atomu ina vyumba vya kukaa elektroni. Katika titani ya kauri tuliyoitaja, vyumba fulani vya nje ni vitupu. Na kwa kuwa ni vitupu, titani yaweza kuisogelea oksijeni mojawapo na kushirikiana nayo elektroni zake. Ndipo ikahama kutoka katikati. Katika chuma na manganisi, vyumba vya namna ile ile vina elektroni pweke zisizo na wenzi, na hizo pweke ndizo zifanyazo sumaku. Lakini zikiwamo wao, ule ushirika na oksijeni haupati nafasi. Basi chumba kitupu huhama, na chumba chenye mpangaji huwa sumaku. Jambo lile lile liletalo hii ndilo lizuialo ile.

Mafundi hawakukata tamaa, wakatafuta njia. Ya kwanza ni kuweka wapangaji wawili katika nyumba moja, kila mmoja kwa kazi yake. Feriti ya bismuthi imejengwa hivyo. Chuma chake ni cha sumaku, na safu zake ni zile zinazopeana migongo. Bismuthi yake ndiyo inayohama na kuleta umeme. Mwaka 2003 kundi la Ramamoorthy Ramesh huko Marekani lilitengeneza utando mwembamba wa kitu hicho, na kuachana kwa chaji kukaonekana kukubwa. Uzuri wake mwingine ni kustahimili joto: nidhamu ya umeme hudumu mpaka kiasi cha digrii 830, na ya sumaku mpaka kiasi cha digrii 370. Jua la Mafia haliwezi kitu hapo.

Njia ya pili ni ya kustaajabisha zaidi. Mwaka huo huo wa 2003, huko Japani, Tsuyoshi Kimura na wenziwe walieleza habari za manganaiti ya terbi. Humo sumaku ndogo hazikuelekea mbele wala nyuma tu. Kila moja imegeuka kidogo kuliko jirani yake, na inayofuata kidogo tena, hata zikafanya mzunguko kama kamba iliyosokotwa. Msokoto huo wenyewe ndio unaozisukuma chaji ziachane. Kwa hiyo wakiiweka sumaku kubwa karibu yake, chaji zikageuka zikahamia upande mwingine kabisa. Hiyo ndiyo ndoa ya kweli ya nidhamu mbili. Lakini yote hayo hutokea katika baridi ya digrii 245 hivi chini ya sifuri. Nani atakayeivaa mkononi?

Na njia ya tatu ni ya mshenga. Hubandikwa pamoja tabaka mbili: moja ni ya sumaku ambayo hurefuka kidogo inapoguswa na sumaku nyingine, na ya pili ni kauri kama ile ya kuwashia jiko. Sumaku ikirefuka huivuta kauri, na kauri ikivutwa hutoa umeme. Wawili hawa hawakusemezana. Mvutano ndio uliopeleka posa baina yao. Vipimo vya kupimia sumaku dhaifu vimetengenezwa kwa ufundi huo. Yule muuza bangili akitaka kutuonyesha sumaku na umeme pamoja, na atuonyeshe tabaka zake na waya zake na kipimo chake. Hata akivileta vyote, bado atakuwa ameleta kipimo, si dawa.

Faida yake kwa nyumba zetu ni ipi? Ni kupunguza joto linalopotea bure. Mashine nyingi zinazohifadhi maandishi na picha huandika kwa kugeuza sumaku ndogo ndogo, hii juu, ile chini. Mpaka leo kuigeuza sumaku kwahitaji umeme utiririke, na umeme unaotiririka hupasha moto njia yake. Msomaji aliyeishika simu iliyotumika saa nzima ajua kwamba huwa moto, wala moto ule haukumfaa lolote. Kama sumaku ingegeuzwa kwa kuitia kani ya umeme tu, pasipo mtiririko mkubwa, matumizi yangeshuka sana. Mwaka 2014 kundi la Ramesh lilionyesha kwamba sumaku iliyolazwa juu ya utando wa feriti ya bismuthi yaweza kupinduliwa kabisa kwa njia hiyo, tena katika joto la kawaida la chumbani. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya Intel wakishirikiana na wa Berkeley wakatoa mpango wa kifaa cha hesabu kinachofuata njia hiyo. Haya bado ni ya maabara, hayajafika dukani. Lakini sisi tunaokumbuka miaka ambayo taa za Kilindoni zilitegemea mitambo ya dizeli, na dizeli ikawa ikingojewa kwa bahari, hatuhitaji kufundishwa thamani ya umeme usiopotea.

Tumeliacha nyuma jambo lililo karibu nasi kuliko Marekani na Japani, nalo ni mchanga mweusi. Huko Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini tangu mwaka 2013 mpaka mwisho wa mwaka 2024, na sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa ilmenaiti. Mchanga wa jamii hiyo umeonekana pia katika pwani ya Tanzania, upande wa Kigamboni na wa Tanga. Ilmenaiti huchimbwa kwa ajili ya titani yake, ambayo hufanyizwa rangi nyeupe. Punje yake nyeusi imejengwa kwa vitu vitatu: chuma, titani na oksijeni.

Msomaji aliyetufuata tangu mwanzo ataruka hapo. Chuma chenye elektroni pweke, na titani yenye vyumba vitupu, katika punje moja! Si ndicho kile kilichotafutwa? Nasi twamjibu: karibu, lakini bado. Katika ilmenaiti ya ufukoni, titani zimehama kweli, ila zimehama kwa kukabiliana: moja ikisogea huku, mwenzake husogea kule, na jumla yake ikawa sifuri. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka ndani na kutoka nje. Na sumaku za chuma chake hazijipangi safu ila katika baridi ya digrii 215 hivi chini ya sifuri, na zikijipanga huwa ni zile safu zinazopeana migongo. Punje ina viungo vyote vya mchuzi, lakini haikupikwa.

Mwaka 2008 Craig Fennie wa Marekani alionyesha kwa hesabu jinsi ya kuipika. Viungo vile vile vikipangwa kwa utaratibu mwingine, titani zote zitahamia upande mmoja, sumaku za chuma zitainama kidogo zisibatilishane kabisa, na mambo haya mawili yatashikamana. Mwaka 2009 wataalamu waliitia ilmenaiti katika msukumo mkubwa mno pamoja na moto mkali, ikageuka ikashika utaratibu huo. Wakaikuta ina umeme wa kuachana kwa chaji. Na ilipopozwa chini ya digrii 150 hivi za baridi, ikawa na sumaku dhaifu pia. Kuwapo kwa vyote viwili kumethibitika. Twapenda vijana wetu wanaokimbia somo la fizikia kwa kudhani ni habari za nchi za theluji waizingatie punje hiyo. Viungo vya jambo ambalo mabingwa wa dunia wamelihangaikia vimelala katika mchanga wa mwambao huu, na mpaka sasa sisi tumevipeleka nje kwa tani vikawe rangi ya ukuta.

Aliye na ufuko wenye michirizi myeusi baada ya maji kupwa aweza kujionea mwenyewe, na wazazi wasiwazuie. Ichukuliwe sumaku ya spika mbovu, ivingirishwe katika mfuko wa nailoni ili mchanga usiigande, kisha ipitishwe juu ya mchirizi uliokauka. Punje zitakazoruka mara moja zikasimama kama manyoya si ilmenaiti. Hizo ni magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku ya nguvu. Ziondolewe kwanza, sumaku ipitishwe tena na tena mpaka zisiruke nyingine. Miongoni mwa punje nyeusi zitakazobaki chini ndimo ilmenaiti iwezamo kuwamo, kwani yenyewe huvutwa kwa uvivu na hutaka sumaku kali zaidi. Punje hizo zihifadhiwe katika kichupa, zipelekwe kwa mwalimu wa sayansi. Na sumaku iwekwe mbali na simu, na mbali zaidi na dira ya chombo.